Kasoro Inayojulikana

6 Februari

Mdogo wangu,

Zikufikie salamu zetu wewe na mkeo, huko kwenye baridi mnakolala na soksi. Huku tumeamka salama, ukiacha goti la Shangazi. Limegoma ngazi kabisa, kwa hiyo tumemshushia kitanda chumba cha mbele, karibu na dirisha. Hajanung'unika. Anasema miaka yote habari za mtaa zilikuwa zinampita, sasa hakuna mtu atakayerudi nyumbani na mfuko bila yeye kujua kilichomo. Cherehani nayo imeshuka. Anamshonea mtoto wako nguo, zote kubwa, kwa sababu anaamini mtoto wa ukoo huu hawezi kuwa mdogo. Nikimwambia mtoto hata kuzaliwa bado, ananijibu kwamba alilea mayatima wawili bila kupewa vipimo.

Mjomba anakusalimu. Bado anasubiri koti ulilomwahidi.

Sasa neno lenyewe. Uliniomba mambo ya kazi tusiyaseme kwenye simu, kwamba simu mliyopewa na kampuni ina masikio na barua pepe zinasomwa. Ndiyo maana nimenunua stempu. Ile faiawoli yenu, kifaa cha kuchuja kinachoingia na kutoka mtandaoni, tuliyoifunga hapa idara ya maji, ambayo mimi na wewe tulimbembeleza mkurugenzi mpaka akaichagua, imeletewa taarifa. Kampuni yenu inasema programu iliyo ndani yake ina tundu, wezi wa mtandao wameshalijua, na kila mteja aweke apdeti, yaani toleo jipya la programu, haraka. Mkurugenzi hanipi nafasi ya kupumua. Anataka iwekwe kabla wakaguzi hawajaja, katikati ya Machi.

Unajua kwa nini nasita. Kifaa hiki kimekaa mlangoni. Kila taarifa inayotoka kwenye matangi na pampu kuja chumba chetu cha uangalizi inapita kwake, pamoja na ile inayopiga kengele pampu ya klorini ikisimama. Nikiharibu hapa siharibu kompyuta tu, naharibu maji ya mji mzima. Watu wenu wa huduma kwa wateja nimewapigia, wamenijibu kama kasuku: weka, weka, weka. Wewe unakaa chumba wanachopimia hizo apdeti. Niambie kama ndugu: niweke, au nisubiri?

Dada yako

* * *

5 Machi

Dada,

Shikamoo, na nyingine mfikishie Shangazi. Barua yako imefika leo, imelowa pembeni, lakini maneno yote yanasomeka.

Sisi hatujambo. Mke wangu anahesabiwa wiki na daktari, miguu imemvimba, hataki nimfanyie chochote na hataki nikae bila kufanya kitu. Chumba chetu ni kile kile, bomba la joto linagonga ukutani kama mtu anayedai kufunguliwa. Kibali chetu cha kuishi kinakwisha mwezi wa saba, na kampuni ndiyo inayotuombea kipya. Nakueleza hili ujue tulivyo, si kulalamika.

Kuhusu uliloniuliza. Tundu ni la kweli, wezi wapo. Lakini hiyo apdeti nayo ina jambo lake. Wiki iliyopita niliiweka kwenye kifaa kilicho mezani kwangu nikakiacha kifanye kazi mfululizo. Kumbukumbu yake ikajaa, kikajizima na kujiwasha chenyewe. Kilipoamka kilianza kuzuia taarifa za baadhi ya vituo, na skrini ikabaki kijani kana kwamba mambo ni shwari. Nilirudia, ikawa vile vile. Nikampelekea mkuu wangu maelezo yote. Akaniita, akafunga mlango, akasema, "Kazi nzuri. Tutaiingiza kwenye orodha ya kasoro zinazojulikana, wakati ukifika."

Nikamuuliza wakati utafika lini.

Akasema, "Mkeo anaendeleaje?"

Basi Dada, kama hujaweka, usiweke. Ziba tundu kwa kufunga njia ya kukiendesha kifaa kutoka nje, hiyo itawazuia wezi kwa sasa. Kama umeshaweka, kizime na kukiwasha wewe mwenyewe kila wiki kabla hakijajaa, na kila mara ujaribu kengele kwa mkono. Usiiamini ile rangi ya kijani.

Nimetia saini mkataba wa siri. Kwa hiyo haya hukuyasikia kwangu. Barua nitaiacha posta nikienda kazini.

Mdogo wako

* * *

18 Machi

Mdogo wangu,

Tumefurahi mno na simu yako ya Jumapili ile, tarehe nane. Shangazi ameisimulia mtaa mzima, na kila akiisimulia inarefuka. Sasa hivi tumefika mahali ambapo ulizungumza naye saa nzima na ukalia. Yale majina ya mtoto uliyoyataja ameyakataa yote. Anasema moja linafaa sabuni.

Barua yako ya kunijibu bado. Uliponiambia, "Nimekuandikia, utaiona," moyo wangu ulitulia, maana mwenye habari mbaya hasemi kwa upole ule, halafu akaendelea na habari za goti.

Basi nimeweka. Jumamosi ya tarehe kumi na nne, mkurugenzi amesimama nyuma yangu na mikono mfukoni kama anasubiri mtoto azaliwe. Kifaa kilizimika, kikakaa kimya kwa muda ambao sitausahau, kikawaka. Kila kituo kijani. Fundi pampu aliyekuwa pale akasema kimependeza kuliko bibi harusi. Wakaguzi walikuja Jumatatu, wakatazama skrini, wakanywa chai, wakaondoka wameridhika. Sasa mkurugenzi ananiita "injinia wangu" mbele za watu. Kabla ya hapo nilikuwa "yule dada wa kompyuta."

Nimemwambia Shangazi achemshe maji ya kunywa, kwa umri wake. Hataki. Eti maji yanayolindwa na binti yake, kuyachemsha ni kumtukana.

Tunza mkeo. Miguu ainyanyue juu ya mto akilala.

Dada yako

* * *

4 Aprili

Dada yangu,

Pole. Sina neno lingine na hilo lenyewe ni dogo.

Mjomba alinipigia juzi nikiwa kazini. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za nyuma ya jengo, pale wanapovutia sigara, nikakaa mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama naumwa. Nimemwambia mama yangu amefariki. Sikuona haja ya kumfafanulia kwamba ni shangazi. Kwetu sisi tofauti hiyo haikuwepo.

Siwezi kuja. Kibali kiko mezani kwa watu, nikitoka sasa hawatanirudisha, na mke wangu yuko ukingoni. Najua Mjomba amekasirika. Wewe hukuja kwenye simu. Nilisikia unaosha vyombo.

Mjomba alisema ni tumbo. Hakusema zaidi, nami sikuuliza zaidi.

Niombee radhi kaburini. Na kuna jambo moja nataka kujua, ukiweza kunijibu. Ile barua yangu ya mwezi uliopita, ilikufikia lini?

Mdogo wako

* * *

12 Aprili

Mdogo wangu,

Salamu. Sote wazima, wale tuliobaki.

Barua yako uliyoiandika tarehe tano Machi nimeipata tarehe mbili Aprili. Shangazi tulimzika tarehe mosi. Tarishi aliikuta nyumba bado ina viti vya watu wa msiba, akanipa pole, akanipa bahasha. Nikaifungua nikidhani ni rambirambi iliyowahi.

Mjomba hakukueleza vizuri, basi nitakueleza mimi. Ijumaa ya tarehe ishirini na saba faiawoli yenu ilijaa, ikajizima, ikajiwasha. Vile vile ulivyoandika, utadhani ilikuwa imesoma barua yako. Jioni hiyo pampu ya klorini ya tangi la juu ikasimama. Ilituma taarifa kama inavyotakiwa, taarifa ikafika mlangoni, ikazuiwa. Chumba cha uangalizi kengele haikulia. Skrini ilikuwa kijani. Mimi mwenyewe niliitazama Jumamosi asubuhi, nikaridhika, nikaenda sokoni.

Jumatatu fundi pampu alipanda kufanya ukaguzi wake wa wiki, akakuta pampu imelala na maji yanashuka mjini jinsi yalivyotoka mtoni. Aliteremka kile kilima mbio, shati limemganda mgongoni, na mbele yangu akawa ananionyesha tu kwa kidole kule juu. Kufikia hapo zahanati ya mtaa wa chini ilikuwa imeshatandika magodoro nje.

Shangazi alianza kuharisha Jumapili. Alidhani ni viporo. Nililala chumbani kwake siku hiyo, nikamhudumia. Unajua mgonjwa wa kuharisha hupewa nini? Hupewa maji. Nilikinga kwenye bomba, nikatia chumvi na sukari kama alivyotufundisha mwenyewe, nikamnywesha kwa kijiko. Alikuwa ananiambia taratibu, binti yangu, usimwage.

Watoto wawili wa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta wamezikwa pia, na baba mmoja wa mtaa wa nyuma. Mama wa wale watoto ndiye aliyekuja kumwosha Shangazi, kabla wanawe hawajakata roho.

Tarehe thelathini na moja, Shangazi bado yuko chumba cha maiti, kampuni yenu ikaandika kwenye tovuti yake. Nimeyakariri: "Kasoro inayojulikana: katika hali chache, kifaa kinaweza kuchelewesha baadhi ya taarifa baada ya kujiwasha upya." Katika hali chache. Kuchelewesha. Mkurugenzi ameichapa ile karatasi, akaiweka mezani kwangu mbele ya wenzangu, akasema, "Mwenye macho haambiwi tazama." Nimesimamishwa kazi mpaka tume imalize uchunguzi. Kwa hiyo nina nafasi ya kukaa na kufikiri, na nimefikiri jambo moja tu.

Uliandika barua ile tarehe tano. Tarehe nane ulipiga simu. Uliongea na Shangazi, ukaongea na mimi, tukacheka. Ulikuwa unajua. Nimejaribu kukutetea kila upande. Simu ina masikio, sawa. Ungesema, "Dada, subiri." Maneno mawili. Hao wenye masikio wangedhani nataka kuolewa.

Wewe ulipanga foleni posta ukijua barua zetu zinakaa njiani karibu mwezi, na ukijua wakaguzi wanakuja lini, kwa sababu nilikuandikia. Nataka unijibu kwa nini. Usinijibu habari za kibali. Hizo nimezisoma.

Dada yako

* * *

10 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Sitakwambia nilivyokuwa, maana najua hutaki kusikia nilivyokuwa.

Mtoto amezaliwa tarehe ishirini na sita Aprili. Ni msichana, mzima, ana sauti. Tumempa jina la Shangazi. Mama yake hakuwa akijua kulitamka vizuri, amejifunza.

Umeniuliza kuhusu simu. Siku ile Shangazi alikuwa anacheka, Dada. Mke wangu amekaa pembeni yangu, simu ya kampuni iko mkononi. Kila nilipotaka kufungua mdomo nilijiambia barua imeshaondoka, itatangulia. Kuna mambo mtu akiwa ugenini hayaelezeki kwa aliyeko nyumbani. Mimi niliandika. Katika chumba kile tulikuwa watu sita tuliojua, na wengine hawakuandika hata mstari kwa mtu yeyote. Nakuomba hilo nalo ulihesabu.

Sasa nisikilize kwa utulivu. Nimesikia hapa kazini kwamba kampuni inamtuma mwakilishi kwenye hiyo tume yenu. Atasema kasoro iligunduliwa mwishoni mwa Machi, ikatangazwa mara moja. Mkuu wangu amenizungukia mara mbili wiki hii kuniuliza kama nina ndugu huko. Nilimjibu ninao, tunasalimiana tu.

Barua zetu ni za ndugu wawili. Naomba zibaki za ndugu wawili. Shangazi hatarudi kwa karatasi, na kibali kinaamuliwa mwezi wa saba. Nina mtoto wa wiki mbili. Sikuagizi, wewe ni mkubwa wangu. Nakuomba. Wanasema damu ni nzito kuliko maji.

Mdogo wako

* * *

21 Juni

Mdogo wangu,

Hongereni kwa mtoto. Mkeo apumzike, asiharakishwe.

Barua yako ilifika siku nne kabla ya tume kukaa. Niliiweka juu ya cherehani nikaiacha. Kila nikipita naona mwandiko wako, ule ule wa tangu shule, herufi zinaegemea upande kama zimechoka. Nilitaka kukuficha. Ujue hivyo. Siku ya kwanza ya tume nilikwenda mikono mitupu, na mwakilishi wenu, kijana msafi, mpole, akasimama akasema yale yale uliyoniandikia. Akasema kampuni ilichukua hatua siku ile ile ilipojua. Kisha akaongeza kwamba inasikitisha kuona wateja hawasomi maelezo. Mkurugenzi akatikisa kichwa kukubali. Mama wa wale watoto alikuwa kiti cha mbele, akageuka akanitazama. Hakunitazama kwa chuki. Alinitazama kama mtu anayetaka tu kujua ukweli ili akalale.

Siku ya pili nilikwenda na barua yako ya tarehe tano Machi.

Mwenyekiti aliisoma kwa sauti, ukumbi mzima unasikia, mpaka pale mkuu wako alipouliza habari za mkeo. Mwakilishi akaomba nafasi ya kupiga simu. Nikaona ajabu, kwamba wenzako kumbe simu wanazitumia.

Yule mama akanyoosha mkono. "Huyu aliyeandika ni nani?"

Nikasema, "Ni mdogo wangu."

"Ni ndugu yako wa damu?"

"Wa damu."

"Hana simu?"

Mwenyekiti alimwambia swali hilo haliko mbele ya tume. Akaketi. Mimi nilibaki nimesimama, kwa sababu nilikuwa natafuta jibu la kumpa, na katika barua zako zote nimelikosa.

Tume imetoa uamuzi. Kampuni yenu ilijua ikanyamaza, hilo limeandikwa. Mimi nimekutwa na kosa la kutojaribu kengele baada ya apdeti, na hilo ni kweli, sikuijaribu, niliiamini rangi. Sirudishwi kazini. Mkurugenzi hana kosa. Wanasema alitegemea wataalamu.

Wiki iliyofuata likaja toleo jipya linaloondoa ile kasoro. Hawakuwa na mtu wa kuliweka. Mkurugenzi alinifuata nyumbani, akasimama mlangoni, akaniita injinia. Nilifikiria kumfungia mlango. Halafu nikafikiria mtaa wa chini unavyofungua mabomba kila asubuhi, nikavaa viatu nikaenda.

Nimeliweka. Nikakijaza kifaa makusudi mpaka kikajizima, nikangoja kikaamka. Kisha nikamwambia fundi pampu apande kilimani akazime pampu ya klorini kwa mkono. Tulikaa chumba cha uangalizi, mimi na vijana wa zamu. Kengele ikalia. Ina sauti mbaya, inachoma sikio. Kijana mmoja akaniuliza kama aizime. Nilimwambia aiache. Nikasimama nikaisikiliza kwa niaba ya wale wasioisikia, kisha nikaizima mwenyewe, nikachukua mkoba wangu, nikatoka bila kuaga.

Sijui kibali chako kimefikia wapi. Kama kimekwama kwa ajili yangu, sitakudanganya kwamba sikujua kinaweza kukwama. Ulisema damu ni nzito kuliko maji. Mwaka huu nimebeba vyote viwili, na sikuona tofauti ya uzito. Kuhusu wale watano wa chumba chenu ambao hawakuandika, nimewahesabu kama ulivyoomba. Hao hawakunijua. Wewe ulikuwa unanijua.

Mjomba hataki nikutaje mbele yake. Mimi nakutaja, maana nimebaki na wewe tu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Umempa mtoto jina la Shangazi bila kuniuliza. Sikatai, na sitalitia laana, mtoto hana kosa. Lakini ipo siku atauliza mwenye jina alikuwa nani na alikufaje. Siku hiyo usimwandikie. Mketishe karibu, mtazame machoni, umwambie kwa mdomo wako.

Dada yako